Asumini yangu imevunda ndani ya mafuta. Nimekosea wapi?

Swali: Shikamoo mwalimu. Bustanini nina asumini iliyotanda ukutani, nanaa na mchaichai. Wiki tatu zilizopita nilijaza maua mabichi ya asumini kwenye chupa ya kioo yenye mdomo mpana, nikamimina mafuta ya nazi mpaka juu, nikafunga na kuiweka dirishani ipigwe na jua. Leo nimefungua: mafuta yana weupe kama tui, kuna vipovu, na badala ya asumini nasikia harufu ya majani yaliyooza. Nimekosea wapi? Na yale mafuta makali ya chupa ndogo, ambayo tone moja linajaza chumba, naweza kuyapata nyumbani? Nilitaka pia kumkandia mwanangu wa miezi mitano.

Jibu:

Marahaba, mwanangu. Ulichokifungua leo mimi nimekifungua zaidi ya mara moja, kwa hiyo usione haya.

Tuanze na chupa yenyewe. Ua lililochumwa leo, sehemu kubwa ya uzito wake ni maji. Ukilitumbukiza kwenye mafuta, maji yale hayana pa kwenda. Hayachanganyiki na mafuta, na kupanda hewani hayawezi kwa sababu mfuniko umefungwa. Hutoka petalini kidogo kidogo, yakashuka chini ya chupa pamoja na sukari ya ua na chavua, na humo kuvu na bakteria hupata makazi yasiyo na adui. Vipovu ulivyoviona ni gesi wanayoitoa. Weupe ule ni matone madogo mno ya maji yaliyotawanyika ndani ya mafuta. Jua la dirishani nalo limefanya kazi mbili mbaya: limewapa vijidudu joto la kustawi, na mwanga wake umeanza kuyachachisha mafuta yenyewe.

Ukitaka kuhakikisha, chota nusu kijiko cha mafuta hayo, uweke kijiko juu ya moto mdogo, uso wako ukiwa mbali. Mafuta makavu hupata moto kimyakimya. Yenye maji hutatarika na kuruka. Kipimo hiki kitakufaa maisha yako yote, na hakihitaji kifaa chochote.

Lakini hilo ni kosa la kwanza tu, na ndilo dogo. Hata ungeyakausha maua yale yakawa kama karatasi, usingepata mafuta ya asumini. Kila mmea una mahali unapoiweka harufu yake, na njia ya kuitoa hufuata mahali hapo. Maelekezo yanayosema jaza chupa, mimina, subiri, kana kwamba mimea yote ni mmoja, ndiyo yaliyokuponza.

Chukua jani la nanaa, ligeuze upande wa chini, ulitazame kwenye mwanga mkali, kwa kioo cha kukuza ukiwa nacho. Utaona vitone vinavyong'aa kama jasho. Hivyo ni vifuko vya mafuta, vimekaa juu ya jani kwa nje, na ukuta wake ni mwembamba kiasi kwamba ukipitisha kidole tu vinapasuka. Ndiyo maana mkono unanukia kwa kugusa. Mrehani, rozimari na lavenda ni wa ukoo huohuo na tabia ni hiyohiyo. Mchaichai uko tofauti: mafuta yake yamo ndani ya jani, ukilipapasa hupati kitu, ukilikata au kulivunja ndipo linapoachia. Ganda la chungwa au ndimu lina vifuko vikubwa vinavyoonekana kwa macho matupu. Kunja kipande cha ganda bichi karibu na mwali wa mshumaa uone cheche zinavyoruka. Hayo ni mafuta yanashika moto. Karafuu ni tajiri kuliko wote hao: katika punje kavu, mafuta yanaweza kufika asilimia 15 hadi 20 ya uzito wake.

Asumini haina ghala. Inatengeneza harufu na kuiachia papo hapo, hasa usiku ua linapofunguka, na jambo la ajabu ni kwamba hata likishachumwa ua huendelea na kazi hiyo kwa muda wa siku nzima hivi. Ukilikausha, umelikatiza. Ukilitia kwenye mvuke wa moto, harufu yake laini inaharibika, unabaki na kitu kinachokaribia majani yaliyopikwa. Ukilizamisha kwenye mafuta wiki tatu, umechukua harufu ya siku moja na uvundo wa siku ishirini.

Kwa hiyo kwenye bustani yako una mimea mitatu na njia tatu.

Asumini inataka shahamu. Wafaransa wa mji wa Grasse, waliojipatia jina kwa manukato, walikuwa wakipaka shahamu ya wanyama iliyosafishwa juu ya vioo vilivyotiwa fremu, wakapanga maua juu yake, kesho yake wakayatoa na kupanga mengine, siku baada ya siku, mpaka shahamu ikashiba harufu. Siku hizi viwanda vingi vimehamia kwenye vimiminika vya kuyeyushia, kwa sababu kazi ile inakula mikono ya watu wengi mno. Kwako wewe mwenye ukuta mmoja wa asumini, bado hakuna njia nzuri kuliko hiyo.

Tafuta bakuli mbili bapa za kioo zinazofunikana. Chukua mafuta magumu yasiyo na harufu yake: mafuta ya nazi yaliyosafishwa mpaka harufu ya nazi ikaondoka, au siagi ya shea iliyosafishwa vilevile. Kumbuka kwamba mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzijoto 24 hivi, kwa hiyo kama chumba chako kina joto kuliko hapo, shea ni salama zaidi, au uchanganye na nta kidogo ya nyuki iyashike. Yapake kwenye bakuli unene wa nusu sentimita. Kisha chukua uma uchore mistari ya kukingamana juu yake, kama shamba lililopigwa matuta, ili uso wa kunywa harufu uongezeke.

Maua yachume jioni yakiwa yanaanza kufunguka, au alfajiri kabla jua halijayakuta. Yasiwe na umande. Yatandaze juu ya kitambaa nusu saa, chagua, tupa yaliyochubuka au kuwa na doa la kahawia, ondoa vikonyo vya kijani. Yapange kwenye mafuta, uso chini, bila kuyadidimiza. Funika. Iache bakuli mahali penye giza, lakini usiiingize kwenye friji, kwa sababu ua lililopigwa na baridi kali huacha kutoa.

Baada ya saa 24 yatoe yote. Hapa ndipo watu wanapochoka: kuna petali moja imejificha kwenye tuta, umeiona, ukasema haina neno. Ina neno. Iondoe kwa kibano. Petali moja iliyobaki siku tatu inatosha kuitia bakuli nzima ule uvundo unaoujua sasa. Panga maua mapya, kesho tena, kesho kutwa tena. Ukifika mara ya kumi utaanza kusikia kitu cha kweli. Waliofanya kazi hii kwa riziki walifika mara 30 na zaidi. Mimi huishia kumi na tano au ishirini, kutegemea ukuta unatoa kiasi gani.

Mwishoni una mafuta magumu yanayonukia asumini hai, ya kupaka shingoni na mikononi kama yalivyo. Ukitaka kimiminika, yachanganye na alkoholi safi ya nafaka au ya miwa yenye nguvu ya asilimia 95, kiasi sawa kwa sawa, utikise kila siku kwa wiki mbili, kisha uitie chupa kwenye baridi kali mpaka mafuta yagande, na umimine ile alkoholi iliyobaki juu yake kupitia kichujio. Harufu imehamia kwenye alkoholi. Spiriti ya kuwashia majiko usiiguse kwa kazi hii, mara nyingi ina methanoli, ambayo ni sumu hata kwa kupitia ngozi. Na wakati wa kufanya hivi kusiwe na moto chumbani.

Nanaa ndiyo unayoweza kuiloweka. Lakini ikaushe kwanza, kivulini, ikining'inia katika vishada vidogo ambavyo hewa inapita. Jua linachukua harufu kabla yako. Chuma asubuhi umande ukishakauka na kabla joto la mchana halijapanda. Imekauka pale kikonyo kinapovunjika kwa mlio. Kikipinda bila kuvunjika, maji bado yamo, ngoja. Vunjavunja majani muda huohuo unapoyatia kwenye chupa, si jana yake, kwa sababu vile vifuko vikipasuka mapema harufu inakwenda hewani bure.

Kipimo changu ni gramu 100 za majani makavu kwa nusu lita ya mafuta. Majani yafunikwe kabisa, mafuta yapite juu yake sentimita mbili, kwani jani linalochungulia nje ndilo linaloota ukungu kwanza. Ukipenda njia ya baridi, funga, weka kabatini wiki nne, tikisa kila siku katika wiki ya kwanza. Mimi napenda moto mdogo: chupa inasimama ndani ya sufuria ya maji, juu ya kitambaa kilichokunjwa ili isigonge chuma, maji yakiwa ya nyuzijoto 50 hivi, yaani unatia kidole na kukitoa upesi lakini hukuungua. Saa nne zinatosha. Mdomo wa chupa ufunikwe kwa kitambaa tu, ili unyevu wowote uliobaki upate pa kutokea, na mvuke wa sufuria usiingie ndani.

Chuja kwa kitambaa safi kikavu, kamua taratibu, acha yatulie usiku mzima, kisha mimina ya juu na uyaache yale ya mwisho yenye mashapo. Usiyaonee choyo. Halafu, na hapa ndipo siri ya nguvu ilipo, chukua mafuta hayohayo uyamimine kwenye majani makavu mapya, urudie. Mzunguko wa pili unafanya kazi kuliko kuongeza majani mara mbili katika mzunguko wa kwanza, kwa sababu mafuta yanafika mahali majani yaliyojazana hayafikiki.

Kuhusu mafuta ya msingi nina maoni makali kidogo. Mafuta ya zeituni ni mazuri kwa ngozi lakini yana sauti yake kubwa, na nanaa au lavenda itakuwa inanong'ona nyuma yake. Alizeti ni tulivu, ila huchacha mapema. Jojoba, ambayo kwa kweli ni nta ya maji na si mafuta, inakaa miaka bila kubadilika na haina harufu. Ukiipata ndiyo ya kutumia kwa kitu unachotaka kikae. Unaweza kutia vitamini E kidogo, nusu asilimia au chini ya hapo, kuchelewesha kuchacha. Lakini vitamini E haiui bakteria wala kuvu, hivyo isikupe ujasiri wa kutia majani mabichi.

Karafuu, iliki na mdalasini hulowekwa hivihivi, vikiwa vimepondwa nusunusu. Visiwe unga, maana unga hauchujiki.

Sasa mafuta makali ya chupa ndogo. Wengi huyaita mafuta muhimu, jina ambalo linachekesha ukilifikiri: neno la Kizungu lilikusudia kiini cha mmea, mtafsiri akaona umuhimu. Mimi nitayaita mafuta ya mvuke, kwa sababu mengi hupatikana hivyo, kwa kukeneka, yaani kugeuza kitu mvuke kisha kuupoza. Kati ya mimea yako mchaichai ndio unaofaa zaidi.

Kwanza ujue kinachotokea. Mafuta ya mchaichai sehemu kubwa ni kemikali iitwayo sitrali, ambayo ukiichemsha peke yake inataka nyuzijoto karibu 229. Kwa joto hilo jani lingekuwa mkaa. Lakini maji na mafuta, kwa kuwa hayachanganyiki, kila kimoja husukuma kwa mvuke wake bila kumjali mwenziwe, na misukumo yao ikijumlishwa na kufikia msukumo wa hewa iliyo juu ya sufuria, vyote viwili huchemka pamoja. Hilo hutokea chini kidogo ya nyuzijoto 100. Mvuke wa maji unambeba mwenziwe mgongoni, na ukipoa wanashuka pamoja na kutengana tena.

Nyumbani bila mtambo unaweza kujaribu kwa sufuria kubwa ya chuma kisichoshika kutu. Alumini usitumie, baadhi ya mafuta haya yanaing'ata na kuchukua ladha ya chuma. Weka kichanja ndani, maji chini yake, majani juu yake yasiguse maji. Katikati ya majani simamisha bakuli la kioo kinene linalohimili moto. Mfuniko ugeuze juu chini, ile shikio ielekee bakuli, na juu yake weka mfuko wa barafu. Moto uwe mdogo. Mvuke unapanda, unakutana na mfuniko wa baridi, unageuka matone, matone yanakimbilia kwenye shikio na kudondokea bakulini. Ukitega sikio utasikia: ti, ti, ti. Badilisha barafu kila inapoyeyuka, na kila ukifanya hivyo hakikisha maji ya chini hayajakauka.

Hilo la mwisho nalisema kwa uchungu. Mara yangu ya kwanza niliketi nikisikiliza matone kwa furaha, nikasahau kwamba kila tone linalodondoka bakulini ni tone lililoondoka chini. Niliposikia harufu ya majani yanayoungua, kila kitu, mafuta, maji, sufuria, hata mapazia, kilinukia moshi, na moshi hautoki kwenye mafuta kwa njia yoyote ninayoijua.

Usiufunge mfuniko kwa kuukaza, na usijaribu kugeuza sufuria ya presha kuwa mtambo kwa kuunganisha mpira kwenye kitundu chake. Jani moja likiziba mpira ule, sufuria inakuwa bomu. Kama kazi itakunogea, nunua mtambo mdogo wa kioo au shaba uliotengenezwa kwa kazi hiyo, wenye mrija unaopita kwenye maji baridi. Kwenye sufuria lile bakuli la ndani nalo linapata moto, kwa hiyo sehemu ya mafuta uliyokwisha kuyapata inapanda tena. Mtambo hauna tatizo hilo.

Kisha matarajio. Mchaichai mbichi una mafuta kiasi cha asilimia 0.2 hadi 0.5. Kilo nzima iliyokatwakatwa, kwenye mtambo mzuri, ni gramu mbili hadi tano. Kwa sufuria, ukipata nusu ya hapo umebahatika. Nanaa yako mbichi haitazidi hapo. Majani ya mkaratusi ni bora, yanaweza kufika asilimia moja hadi tatu. Waridi ndilo linalovunja mioyo: inahitajika takriban kilo 3,500 hadi 4,000 za petali kupata kilo moja ya mafuta, maana yake kilo moja ya petali, zilizochumwa moja moja, ni matone matano au sita. Tena sehemu ya harufu ya waridi inayeyuka kwenye maji, kwa hiyo hata hicho kidogo kinakimbilia upande mwingine. Nyumbani usitafute mafuta ya waridi. Tafuta marashi, ambayo ndiyo maji yenyewe yanayodondoka, na hayo yatatoka mazuri kweli.

Na hata kwa mchaichai, usimwage maji. Yana harufu tamu, yanafaa kunyunyizia nguo, uso na chumba. Yatie kwenye chupa iliyochemshwa dakika kumi, yaweke kwenye friji, uyatumie ndani ya wiki mbili tatu. Yakibadilika rangi au kuwa na nyuzinyuzi, mwaga.

Kuyatenga mafuta kunataka subira kuliko ujuzi. Mimina kila kitu kwenye chupa ya kioo yenye shingo nyembamba, iache usiku. Asubuhi utaona utando wa manjano umeelea juu, mwembamba hata unauinamia kuutafuta. Ongeza maji safi taratibu kwa pembeni, utando utapanda mpaka shingoni, na pale ambapo nafasi ni ndogo utakuwa mnene wa kutosha kuuvuta kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Siku utakayokeneka karafuu au mdalasini, usishangae kutoona kitu juu: mafuta yake ni mazito kuliko maji, yamelala chini. Nimewahi kumwaga ya karafuu kwenye sinki kwa kutojua hilo, nikashinda siku nzima jikoni kunanukia kama kwa daktari wa meno.

Mafuta haya yaweke kwenye chupa ndogo nyeusi au ya kahawia, iliyojaa mpaka shingoni ili hewa isipate nafasi. Plastiki usiiamini, hasa kwa mafuta ya maganda ya chungwa na ndimu, ambayo hulainisha aina nyingi za plastiki. Andika jina na tarehe. Baada ya mwaka mmoja mafuta ya maganda yanakuwa yamebadilika kutokana na oksijeni, na mafuta yaliyobadilika hivyo ndiyo yanayowasha watu ngozi. Yatumie kusugulia sakafu.

Ukiyapata, usiyapake bila kuyazimua, na usiyanywe. Kwa mwili wa mtu mzima, asilimia moja au mbili inatosha: kwa mililita 30 za mafuta ya msingi, matone sita ni asilimia moja. Kwa uso, nusu ya hapo. Mchaichai na karafuu ni wakali kwa ngozi, usivuke nusu asilimia, na mdalasini, ulio mkali zaidi, uwe chini sana ya hapo. Kila kipya kipake kwanza ndani ya mkono, mahali padogo, ukisubiri siku mbili. Mafuta ya ndimu yaliyokamuliwa kwenye ganda bila moto yana kitu kinachoungana na jua kuichoma ngozi na kuacha mabaka meusi. Ya ndimu yaliyokenekwa hayana shida hiyo. Kama una paka, usiyachome wala kuyanyunyiza ndani ya chumba anacholala, ini lake haliwezi kuyavunja kama letu.

Mtoto wa miezi mitano, jibu ni hapana. Si asumini, si mchaichai, na nanaa kabisa usimkaribishie puani, kwa sababu mentoli inaweza kumbana pumzi. Ngozi yake bado ni nyembamba na anaijua dunia kwa harufu yako wewe. Mkande kwa mafuta yasiyotiwa kitu, kidogo, baada ya kumuuliza anayemhudumia kliniki kama ngozi yake ina ukurutu.

Huenda pia unajiuliza kwa nini ile chupa ya dukani inayosema asumini inanukia kwa nguvu hivyo. Mara nyingi ni mafuta ya kawaida yaliyotiwa manukato ya maabara. Sisemi ni mabaya. Nasema usipime kazi yako kwa hayo. Mafuta ya shahamu yananukia kwa sauti ya chini, unayasikia mtu akikukaribia, na yanabadilika ngozini saa hadi saa jinsi ua linavyobadilika usiku kucha.

Ile chupa ya dirishani usijaribu kuiokoa kwa kuchemsha wala kuchuja. Maji utayatoa, lakini uvundo na walichokiacha bakteria vitabaki. Funga mafuta kwenye mfuko wenye karatasi kuukuu, utupe; ukiyamwaga kwenye sinki yataiziba. Chupa ioshe kwa maji ya moto na sabuni, ichemshe dakika kumi, kisha igeuze juu ya kitambaa na usiiguse mpaka kesho. Mfuniko nao uukaushe peke yake, ukipitisha pembe ya kitambaa kwenye ile mizunguko ya ndani, maana hapo ndipo tone la maji hujificha.